Dawa ya deni ni kulipa: Supamaketi zipimwe kwa hundi ya mkulima

PICHA za wasimamizi wa kampuni wakikabidhi hundi kubwa za kadibodi kwa shule, hospitali na makao ya mayatima si ngeni kwa wasomaji wa magazeti humu nchini. Nyingine huwaonyesha wakipanda miti au wakigawa unga wakati wa ukame.

Supamaketi kubwa hazijaachwa nyuma katika shughuli hizi zinazoitwa wajibu wa kampuni kwa jamii. Hakuna ubaya wowote mtoto akipata dawati au familia yenye njaa ikipata chakula.

Lakini kuna hundi nyingine, ndogo na isiyopigwa picha. Ni ile ambayo mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mfugaji wa nyuki na mkulima wa mboga huisubiri kwa siku 60, 90 na hata zaidi baada ya kufikisha mzigo wake mlangoni pa supamaketi.

Hundi hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha kampuni inayowajibika. Kampuni inayotoa msaada kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukishikilia pesa za watu walioijazia rafu, haijatoa chochote. Imegawa mali ya wenyewe.

Suala hili si la nadharia. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kenya wamelipa gharama yake mara tatu katika muda wa miaka isiyozidi 20.

Funzo la Uchumi, Nakumatt na Tuskys

Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 kupitia mashirika ya serikali. Lengo lilikuwa kumpa mwananchi bidhaa kwa bei nafuu, na kumpa mzalishaji wa humu nchini pahali pa kuuzia bidhaa zake.

Mnamo Juni 2006 kampuni hiyo ilifunga milango kwa sababu ya madeni. Serikali iliingilia kati, maduka yakafunguliwa tena mwaka huo huo chini ya mrasimu, na kufikia 2010 Uchumi ilikuwa imesimama kwa miguu yake tena.

Furaha hiyo haikudumu. Oktoba 2015 ilifunga maduka yake ya Uganda na Tanzania, na nchini Kenya rafu zikaanza kubaki tupu kwa sababu wasambazaji walichoka kuleta mali isiyolipiwa.

Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro mjini Nakuru, ilikua hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwa familia nyingi za mijini, kununua Nakumatt kulikuwa ishara ya maisha mazuri. Kwa msambazaji mdogo, kupata nafasi kwenye rafu zake kulikuwa sawa na kupita mtihani.

Januari 2018 mahakama iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya Sh30 bilioni. Fungu kubwa la madeni hayo lilikuwa la wasambazaji wa bidhaa.

Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wadai walipiga kura kampuni hiyo ivunjwe. Matawi sita yaliyokuwa yamebaki yalinunuliwa na Naivas kwa Sh422 milioni.

Hesabu hii inafaa kurudiwa polepole. Hata kama kila shilingi ya mauzo hayo ingegawiwa wadai bila kukatwa gharama yoyote, haingefika senti mbili kwa kila shilingi waliyodai.

Tuskys, ambayo pia ina mizizi yake katika eneo la Nakuru, ilifuata mkondo huo huo. Mwaka 2020 ilishindwa kulipa wasambazaji na wenye majengo, kisha ikafunga tawi moja baada ya jingine.

Kampuni hizi tatu hazikuanguka kwa sababu Wakenya waliacha kununua sukari na sabuni. Kila moja ilikuwa na matatizo yake ya usimamizi. Jambo lililozifanana ni kwamba zilipungukiwa na pesa, na pengo hilo likajazwa na mtu aliyeleta maziwa asubuhi na kuambiwa asubiri.

Pesa hukaa wapi?

Ili kuelewa kwa nini deni hili ni rahisi kukua, ni vyema kutazama jinsi biashara ya supamaketi inavyoendeshwa.

Pakiti ya maziwa ikifika dukani leo, huuzwa leo au kesho. Mnunuzi hulipa papo hapo, kwa pesa taslimu, kadi au M-Pesa. Lakini mwenye maziwa atalipwa baada ya siku 60. Hivyo basi, kwa karibu miezi miwili pesa za maziwa hayo zimo mikononi mwa supamaketi, na hazitozwi riba hata ya shilingi moja.

Hakuna benki nchini inayotoa mkopo wa namna hiyo. Mkulima ndiye benki, ila yeye haombi dhamana, hakagui vitabu vya hesabu wala hana sauti kuhusu jinsi mkopo wake utakavyotumika.

Supamaketi ikitumia pesa hizo kununua mali zaidi na kulipa ankara zinapofika, mzunguko unaenda vyema. Taabu huanza pesa za maziwa zinapotumika kulipia kodi ya jengo jipya, kuweka majokofu na taa, na kufungua tawi ambalo litachukua miaka kabla ya kuleta faida.

Hapo deni la mwezi uliopita hulipwa kwa mauzo ya mzigo wa mwezi huu. Mauzo yakiyumba kidogo tu, mnyororo wote hukatika. Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Ila katika biashara hii, aliyekula harusi si yule anayelia matangani.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima kinachopeleka mboga za Sh20,000 kila wiki kwa supamaketi inayolipa baada ya siku 90. Muda huo ni takriban wiki 13. Kabla ya kikundi hicho kupokea malipo ya kwanza, kitakuwa kimepeleka mboga za Sh260,000.

Kiasi hicho hakitoki. Mradi biashara inaendelea, kila wiki kunaingia malipo ya zamani na kunatoka mzigo mpya, na Sh260,000 hubaki nje daima. Iwapo wakulima wamekopa pesa za mbegu, mbolea na usafiri kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, kuziba pengo hilo kunawagharimu Sh36,400 kila mwaka.

Mauzo yao ya mwaka mzima ni Sh1,040,000. Hii ina maana kwamba asilimia 3.5 ya jasho lao imeliwa na kusubiri pekee, kabla ya kuhesabu mboga zilizokataliwa, mafuta ya gari na vibarua.

Kwa anayeuza bidhaa zinazotozwa ushuru wa VAT, kwa mfano sosi ya nyanya, mzigo ni mzito zaidi. Ushuru huo unafaa kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Mfanyabiashara mdogo hujikuta akilipa serikali kutoka mfukoni mwake ushuru wa bidhaa ambayo mnunuzi bado hajailipia.

Mwisho wa foleni

Wakulima wengi huamini kwamba kampuni ikifilisika, mali yake huuzwa na kila anayedai hupata sehemu yake. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 haiendi hivyo.

Mwenye dhamana, kwa kawaida benki, huwa na haki juu ya mali aliyowekewa rehani. Kisha hulipwa gharama za msimamizi au mfilisi mwenyewe. Wafanyakazi hufuata, kwa mishahara wanayodai, lakini kwa kiwango kisichozidi Sh200,000 kila mmoja. Baadaye huja ushuru wa serikali.

Msambazaji aliyeleta mayai, asali au nyanya kwa mkopo yuko mwisho wa foleni, miongoni mwa wadai wasio na dhamana. Foleni inapomfikia, mara nyingi chungu kimekwisha kukombwa.

Ndiyo maana kulipa kwa wakati si hisani. Benki inayokopesha supamaketi imejikinga. Mwenye jengo amechukua amana ya kodi. Mtengenezaji mkubwa wa unga au sabuni anaweza kusimamisha magari yake hadi alipwe, na kwa kuwa wanunuzi wanaitaka bidhaa yake, atasikizwa. Mkulima wa spinachi hana kinga hata moja kati ya hizo, na spinachi yake haiwezi kungoja mazungumzo.

Sheria ipo, hofu pia ipo

Mgala muue na haki umpe. Baada ya kilio cha wasambazaji, Kenya ilirekebisha Sheria ya Ushindani mwaka 2019 ili kukabiliana na wanunuzi wanaotumia ukubwa wao kuwakandamiza wanaowauzia.

Sheria hiyo inataja waziwazi mambo yasiyoruhusiwa. Miongoni mwake ni kuchelewesha malipo bila sababu ya msingi kinyume cha makubaliano, kukatiza mkataba bila ilani ya kutosha, kukataa au kurudisha mzigo bila sababu, na kumlazimisha msambazaji kugharamia matangazo na ofa za duka.

Inataka pia mkataba ueleze siku ya malipo, riba itakayotozwa malipo yakichelewa, na jinsi mzozo utakavyosuluhishwa. Adhabu inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia.

Si sheria ya kupamba kabati. Mnamo 2020, Mamlaka ya Ushindani iliiagiza Tuskys kuwalipa wasambazaji madeni yaliyopitisha muda. Mwaka huo huo iliamua kwamba kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, ilitumia vibaya uwezo wake wa ununuzi dhidi ya kampuni ndogo ya kutengeneza yogati iitwayo Orchards. Jopo la rufaa liliunga mkono uamuzi huo mwaka 2021.

Faini katika kesi ya Orchards haikufika hata Sh200,000. Wengi walicheka. Lakini Desemba 2023, mamlaka hiyo ilitoza kampuni iyo hiyo Sh1.1 bilioni kutokana na malalamishi ya Woodlands, inayouza asali, na Pwani Oil, inayotengeneza mafuta ya kupikia na sabuni. Iliamuru pia kampuni hizo mbili zirejeshewe pesa zilizokatwa kwenye malipo yao. Carrefour ilipinga uamuzi huo, lakini kila bodi ya supamaketi nchini ilipata ujumbe.

Jambo la kutazamwa ni nani walilalamika. Ni kampuni zilizosajiliwa, zenye wahasibu, barua na mikataba. Mkulima anayepeleka kreti za nyanya kwa mazungumzo ya simu na meneja wa tawi hayumo kwenye orodha hiyo.

Sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kusimama kwenye mlango wa kupokelea mizigo. Anayelalamika leo, kesho ataambiwa nyanya zake ni laini mno. Keshokutwa ataambiwa tawi limejaa. Wiki inayofuata jina lake halimo tena kwenye orodha, na hakuna barua yoyote aliyoandikiwa ambayo anaweza kuipeleka mahakamani.

Kwa wengine, supamaketi haimjui kabisa mkulima. Inamjua mfanyabiashara wa kati anayekusanya mboga na kuzifikisha. Mfanyabiashara huyo akicheleweshewa malipo siku 60, humchelewesha mkulima 75. Lawama humwangukia yeye kijijini ilhali naye amebanwa.

Wenzetu wanafanyaje?

Ubabe huu haukuzaliwa Kenya. Nchini Uingereza, ambako mishiri ya wakulima wa Kenya huuzwa kwenye rafu za maduka kama Tesco, wasambazaji walilia kwa miaka mingi kabla ya serikali kuweka kanuni za biashara ya vyakula mwaka 2010. Mwaka 2013 likafuata afisi maalumu ya msimamizi wa kanuni hizo.

Januari 2016, msimamizi huyo, Christine Tacon, alitoa ripoti iliyosema kuwa Tesco ilichelewesha kimakusudi malipo ya wasambazaji ili hesabu zake zionekane nzuri. Baadhi walikuwa wamesubiri zaidi ya mwaka mmoja.

Sehemu mbili za mfumo huo zinafaa kuigwa. Kwanza, jina la msambazaji anayelalamika hulindwa. Pili, kila mwaka wasambazaji huulizwa maoni bila kutaja majina, kisha supamaketi zote hupangwa hadharani kutoka ile inayofuata kanuni vyema hadi ile inayovuta mkia. Hakuna mkurugenzi anayependa kampuni yake iwe ya mwisho mbele ya wateja na wanahisa.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwongozo mwaka 2019 unaotaka vyakula vinavyoharibika haraka vilipiwe katika muda usiozidi siku 30. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: si haki bidhaa inayooza kwa siku tatu ilipiwe baada ya miezi mitatu.

Sheria ya Kenya imeacha idadi ya siku iamuliwe na makubaliano ya pande mbili. Hilo lina mantiki pale pande zote mbili zina nguvu sawa. Kati ya supamaketi yenye makumi ya matawi na kikundi cha akina mama 20 wanaokuza mboga, hayo si makubaliano. Ni tangazo.

Upande wa pili wa sarafu

Supamaketi zina hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Faida kwa kila bidhaa huwa ndogo, kodi ya majengo na umeme ni ghali, na ushindani ni mkali. Zinadai kwamba zikilazimishwa kulipa haraka, zitanunua kwa wachache wakubwa na kuwaacha wadogo.

Pia, zinalalamika kwamba baadhi ya wakulima huvunja ahadi. Bei ya nyanya ikipanda sokoni Wakulima jijini Nairobi au Kongowea kule Mombasa, mzigo uliokuwa umeahidiwa supamaketi huishia kwa madalali. Wengine huweka nyanya nzuri juu na mbovu chini ya kreti.

Malalamishi hayo yana ukweli. Hata hivyo, dawa ya mzigo mbaya ni kuukataa siku ulipofika na kuandika sababu. Dawa ya msambazaji asiyetimiza ahadi ni mkataba. Mzigo ukishapokelewa, ukapimwa, ukatiwa muhuri na kuuzwa, hakuna hoja ya ubora inayobaki. Kinachobaki ni deni.

Kuhusu tisho la kuwaacha wadogo, ni heri mkulima akose soko la mkopo na ajue mapema, kuliko apate soko ambalo litakufa na mtaji wake. Mboga nyingi nchini bado huuzwa kwenye masoko ya wazi na vibanda, ambako bei huyumba lakini pesa hulipwa siku hiyo hiyo.

Kwa hakika, supamaketi yenye busara inafaa kuona kulipa mapema kama biashara, si kama adhabu. Mkulima anayelipwa kwa wakati hupanda tena kwa wakati, hununua mbegu bora na haendi kwa dalali. Anayecheleweshwa hupunguza mbolea, huchelewa kupanda, na mzigo wake unaofuata huwa hafifu. Kisha supamaketi hulalamika kuwa wakulima wa humu nchini hawaaminiki.

Yanayofaa kufanywa

Hatua ya kwanza ni ya serikali. Mboga, matunda, maziwa, mayai, nyama na samaki vitengewe muda wake wa malipo katika sheria, usiozidi siku 30, na riba ianze kuhesabiwa yenyewe siku hiyo ikipita. Mkulima asihitaji wakili ili kudai riba.

Ya pili ni ya Mamlaka ya Ushindani. Inao uwezo wa kuanzisha uchunguzi bila kungoja mlalamishi, na inafaa kuutumia zaidi. Itume maafisa wake kukagua vitabu vya malipo, na kila mwaka ichapishe orodha ya supamaketi kubwa na wastani wa siku ambazo kila moja huchukua kulipa. Orodha hiyo ichapishwe kwa Kiswahili pia, kwa sababu wanaoihitaji zaidi wako Mwea, Kinangop, Taveta na Kitui.

Ya tatu ni ya supamaketi zenyewe. Kila inayotoa ripoti ya misaada yake kwa jamii iweke ukurasa mmoja wa kueleza inawadai nani, inadaiwa na nani, na deni la msambazaji mdogo kabisa lina umri wa siku ngapi. Ukurasa huo utasema mengi kuliko picha za upanzi wa miti. Wenye hisa na mashirika ya kigeni ambayo yamewekeza katika maduka haya pia wanafaa kuudai, kwani Nakumatt iliwafunza kwamba tawi jipya si ushahidi wa afya ya kampuni.

Hatua ya nne ni ya wakulima na wafanyabiashara, nao hawafai kukaa kitako wakingoja serikali.

Wauze kupitia vyama vya ushirika au vikundi vilivyosajiliwa, ili mkataba uwe mmoja na sauti iwe moja. Mtu mmoja akilalamika huondolewa kwenye orodha, lakini ni vigumu kuwaondoa wakulima 200 kwa siku moja.

Wasikubali makubaliano ya mdomo. Kila mzigo uwe na oda, hati ya kupokelewa yenye muhuri na ankara yenye tarehe. Karatasi hizo tatu ndizo ushahidi mbele ya mamlaka, na ndizo benki hutazama mfanyabiashara akitaka kupewa pesa kwa dhamana ya ankara.

Kwa bidhaa zisizoharibika upesi kama asali, unga na nafaka, mkataba uwe na kifungu kinachosema mali hubaki ya msambazaji hadi ilipiwe. Kifungu hicho hakiwezi kuokoa maziwa yaliyokwisha kunywewa, lakini kinaweza kuokoa mitungi ya asali iliyo bado kwenye ghala siku milango itakapofungwa.

Kila kikundi kiweke kikomo cha mkopo kwa kila mnunuzi. Benki hufanya hivyo, na mkulima anayekopesha supamaketi naye ni benki. Deni likifika kikomo, magari yasimame, hata kama meneja ni mcheshi na ahadi ni tamu.

Mwishowe, macho yawe wazi. Kabla ya duka kubwa kuanguka, dalili huonekana. Malipo huanza kuja nusunusu. Afisa wa malipo hapokei simu. Bidhaa za kampuni kubwa hutoweka kwenye rafu kwa sababu wenyewe wameacha kuleta. Mkulima anayeona rafu tupu na kudhani amepata nafasi ya kuleta mzigo mkubwa zaidi amesoma dalili hiyo kinyume.

Leo maduka ya Naivas, Quickmart, Carrefour na Chandarana yamejaza pengo lililoachwa na waliotangulia, na mengi yako kwenye majengo yale yale. Si haki kuyabebesha madhambi ya wengine. Lakini pia si busara kuyapa imani ile ile isiyo na maswali ambayo Nakumatt ilipewa.

Madawati, miti na unga vikaribishwe. Lakini kabla ya supamaketi yoyote kupigiwa makofi kwa ukarimu wake, mkulima aliyeleta maziwa mwezi uliopita aulizwe swali moja tu: umelipwa? Dawa ya deni ni kulipa, na wajibu wa kampuni kwa jamii huanzia hapo.